Spika ya Tatu

Shamsudin hakuamini hata kidogo kwamba mashine ya sauti ya msikiti iliungua yenyewe. Ilikuwa mashine nzito ya Kijapani, aliyoichagua kwa mkono wake na kuileta Kuze juu ya mkokoteni, akitembea ubavuni mwake njia nzima ili isije ikagongwa. Miaka minne ilifanya kazi bila kukohoa. Kisha katika kumi la kwanza la Ramadhani, shekhe akiwa katikati ya darsa ya alasiri, ikatoa harufu ya mpira unaoungua, ikanguruma, ikazima. Watu wakajikokota hadi karibu na shekhe wapate kumsikia. Shamsudin hakusikia neno tena. Alikuwa akizitazama nyuso, huyu kisha yule, akitafuta ni nani aliyefurahi.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, na mji ulikuwa haujatulia. Mwaka uliotangulia vijana walikuwa wamekimbizana na polisi vichochoroni, na moshi wa kutoa machozi uliingia hadi jikoni kwa akina mama. Tangu hapo mgeni hakuweza kuuliza njia asiitwe kachero mara tu alipogeuza mgongo. Ilisemwa kwamba kuna watu wanaorekodi darsa, neno kwa neno, na kuzipeleka kunakohusika. Hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja wao, lakini kila mmoja alikuwa na jina lake moyoni. Kwa hofu hiyo kamati ya msikiti iliamua kwamba spika za mnarani zitoe adhana tu, kwa kimashine chao kidogo. Darsa zibaki ndani, kwenye spika mbili za ukutani zilizoendeshwa na ile mashine kubwa. Shamsudin, aliyekuwa na duka la kofia na kanzu lililotazamana na mlango wa msikiti, ndiye aliyekabidhiwa vyombo vyote hivyo.

Fundi aliyeitwa alikuwa Dzoro, mtu wa Kaloleni, Mkristo, mwenye kibanda cha kutengeneza redio Mwembe Tayari. Ndiye aliyeihudumia mashine hiyo tangu iliponunuliwa, na mwezi wa Shaabani alikuwa ameifungua kuipangusa vumbi. Kwa Shamsudin hilo lilitosha kumtilia shaka. Alimwingiza katika stoo ya ubavuni mwa msikiti, akasimama mlangoni, asiiondolee macho mikono ya fundi.

“Shaabani uliifanya nini?”

“Niliipangusa, mzee. Si ulikuwapo?”

“Nilitoka kidogo kumhudumia mteja.”

“Basi ni hicho kidogo unachonishuku nacho,” alisema Dzoro, wala hakuonyesha kuudhika. Alifungua misumari ya parafujo, akaliinua bati la juu, akanusa. Transista za kusukuma sauti zilikuwa zimepasuka kama njugu. “Hizi hazikufa kwa uzee. Zimebebeshwa mzigo usio wao.”

“Mzigo gani? Spika ni zile zile mbili.”

Dzoro alitoa katika mfuko wake betri ya pikipiki ya volti sita na mita mbili za sindano, moja ya volti na moja ya ampea. Akavua viatu, akanawa miguu bila kuambiwa, akaingia ndani na ngazi. Aliifungua spika ya kwanza kwenye waya wake, akaigusisha na betri. Sindano ya ampea ikasimama kwenye moja. Akaifungua ya pili, nayo ikatoa moja.

“Volti sita, ugawe kwa ampea moja,” alisema akiwa juu ya ngazi. “Ukinzani wake ni ohm sita. Yaani huo ndio ugumu wa spika, jinsi inavyoukatalia umeme usipite ovyo. Zote mbili ziko sawa, ni nzima kabisa.”

Akazirudisha kama zilivyokuwa, wakarudi stoo, akaigusisha betri na ule waya mkuu unaotoka kwenye mashine.

“Hapa mwanzoni, kila spika ikivuta ampea yake, tutarajie mbili. Njoo utazame mwenyewe, usije ukasema nimekudanganya.”

Shamsudin aliinama. Sindano iliipita mbili kana kwamba haikuiona, ikaenda ikasimama karibu na tatu, bila kuigusa.

“Mbili nukta nane,” alisema Dzoro.

“Labda waya umegusana mahali.”

“Ungegusana, sindano ingeruka hadi mwisho. Hiki ni kitu kinachovuta kwa adabu, kama spika. Mzee, nyinyi mna spika ya tatu.”

Alichukua chaki akaandika sakafuni. Mashine ilikuwa na uwezo wa wati sitini. Sauti ikifunguliwa, tuseme inatoa volti kumi na mbili. Spika mbili zitavuta ampea nne; kumi na mbili mara nne, wati arobaini na nane, na mashine inapumua. Ongeza hiyo ya tatu, ampea zinafika tano nukta sita.

“Zidisha,” alisema.

Shamsudin alizidisha kichwani. “Sitini na saba na kitu.”

“Ndiyo hiyo. Siku za kawaida ilistahimili kwa kuwa sauti huwa chini. Ramadhani watu wamejaa, mmeifungulia, imechoka.”

Lakini Shamsudin hakuwa akizifikiria wati. Spika ya tatu maana yake ni chumba cha tatu, mahali asipopajua, ambamo mtu hukaa akasikiliza kila neno linalosemwa mbele ya shekhe. Kwa nini mtu mwema asikilize kwa siri, na mlango wa msikiti uko wazi? Alimwona mtu huyo akilini kabisa, ana kinasa sauti mapajani, anageuza kaseti.

Ndipo alipokumbuka. Zamani spika zilikuwa tatu. Moja iliondolewa ua ulipojengwa upya, ikafungwa kwa gunia na kuwekwa juu ya kabati humo humo stoo. Alipanda juu ya kiti akalivuta gunia. Lilimfuata jepesi, tupu.

Ufunguo wa stoo ulikuwa na watu wawili tu, yeye na Yazid.

Yazid alikuwa muadhini, kijana mwembamba wa miaka ishirini na mitano, mwenye sauti iliyowafanya wauza samaki wanyamaze. Mamake aliuza mahamri na mbaazi. Shamsudin angeweza kumwita kando akamuuliza. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakufanya hivyo. Alingoja hadi watu walipotoka kuswali alasiri na kujaa barazani, akasimama mbele yao na lile gunia mkononi.

“Yazid, spika iliyokuwa humu i wapi?”

Yazid alilitazama gunia, akawatazama watu. “Niliichukua mimi, ami.”

“Umeiunga kwenye mashine?”

“Ndiyo. Sikujua kama itaiunguza. Nitailipia.”

“Sikuulizi malipo. I wapi?”

“Siwezi kusema.”

“Umempa nani?”

“Nimeapa, ami Shamsu. Niulize kingine chochote.”

Baraza lilinyamaza. Wengine walikuwa wamemlea kijana huyo, na kama Shamsudin angenyamaza naye, huenda wangesema hebu tumpe muda. Lakini neno lilimtoka Shamsudin mwenyewe, tena kwa sauti ya juu.

“Kachero huapishwa vivyo hivyo.”

Magharibi ya siku hiyo aliadhini mtu mwingine. Mahamri ya mamake Yazid yalibaki kwenye sinia, na wateja waliokuwa wakigombea wakapita wakitazama upande wa pili. Kulipokucha, mlango wao ulikutwa umepakwa lami. Yazid hakuonekana msikitini, na kila aliyesikia kwamba haonekani alisema, mnaona?

Ungedhani Shamsudin alitulia. La, ndipo alipozidi kuhangaika. Kama Yazid ni mkono tu, sikio ni la nani? Alikaa dukani akihesabu wapita njia. Aliyesimama kufunga kamba ya kiatu alimtia shaka, na aliyepita bila kusimama alimtia shaka zaidi. Alimshuku hata mkewe. Jawahir, ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, tangu habari ya Yazid ilipomfikia alikuwa akimwandalia futari bila kumtazama usoni.

“Una nini?” alimuuliza.

“Sina kitu, Baba Fathiya.”

“Wajua jambo?”

“Najua mambo mengi usiyotaka kuyajua,” alisema Jawahir, akafunika sahani.

Tena kulikuwa na yule mtu wa mkoba. Kila siku baada ya adhuhuri mwanamume mmoja asiye wa mtaa, mwenye mkoba wa ngozi, aliingia nyumba ya jirani, akakaa kama saa nzima, akatoka. Nyumba hiyo ilikuwa ya Duha, dadake Shamsudin, mkubwa kwake kwa miaka saba. Shamsudin hakuwa amekanyaga humo kwa miaka mitatu. Binti yake Fathiya alitaka kuolewa na kijana wa Malindi, yeye akakataa, akakataa tena, hadi kadhi akasimama badala yake. Nikaha ikafungwa sebuleni kwa Duha, biriani likapikwa ua wa Duha, na vigelegele Shamsudin akavisikia akiwa dukani mwake. Tangu hapo alikuwa akipita mbele ya mlango ule kama anayepita mbele ya ukuta. Aliposikia Duha amepooza upande mmoja, alisema Mungu amponye, akamwachia Jawahir kupeleka uji. Jawahir alimwambia mara moja tu, “Nenda ukamwone mwenyewe,” kisha akaacha.

Siku Dzoro aliporudi na transista mpya, Shamsudin alimshika kabla hajaweka mfuko chini.

“Mashine ingoje. Nataka unionyeshe hiyo spika iliko.”

Dzoro alilisogeza kabati. Nyuma yake, waya mwembamba wa nyuzi mbili ulikuwa umeungwa kwenye waya mkuu, ukapakwa chokaa juu, ukapotelea kwenye tundu la ukuta. Aliuvuta kidogo, haukuja. Ukuta ulikuwa wa mawe ya matumbawe, mnene kama urefu wa mkono, na juu yake boriti na dari.

“Tubomoe?” aliuliza Shamsudin.

“Ngoja kwanza. Tuuulize waya wenyewe.”

Aliukata kwenye maungio, akaupima peke yake kwa ile betri. Sindano ikasimama kwenye nukta nane, chini kidogo ya ampea moja.

“Spika zenu ni za namna moja. Hii nayo ilipaswa kuvuta ampea nzima, lakini haikufika. Sita gawa kwa nukta nane ni ohm saba na nusu. Spika yenyewe ni sita. Iliyobaki, ohm moja na nusu, ni ya nini?”

“Ya waya,” alisema Shamsudin polepole.

“Ya waya wenyewe. Nao ukiwa mrefu, ugumu huzidi.”

Dzoro alikuwa na waya wa aina hiyo hiyo mfukoni mwake. Akapima mita kumi, akazikutanisha nyuzi mbili mwishoni, akagusisha betri mara moja, akaondoa upesi. Mita kumi zilitoa ohm moja na robo. Alipiga hesabu kwa chaki, akaifuta, akaipiga tena.

“Mita kumi na mbili, mzee. Hauzidi hapo kwa kitu cha maana.”

“Nyumba ya kina Yazid iko kule nyuma ya soko.”

“Basi haiko kwao. Huu hauvuki hata kichochoro cha pili.”

Wakatoka nje. Ndani ya mita kumi na mbili kulikuwa na duka la Shamsudin, ghala lililofungwa tangu enzi za mwenyewe marehemu, na nyumba ya Duha. Dzoro aliinua uso. Kati ya ukingo wa paa la msikiti na dirisha la juu la Duha, chini ya kamba ya kuanikia nguo, ulipita uzi mweusi ambao mtu asiyeutafuta asingeuona. Wakati huo huo yule mtu wa mkoba akakunja kona, akabisha mlango wa Duha, akaingia.

Shamsudin hakumngoja Dzoro. Alivuka kichochoro, akapanda ngazi za mbao bila kupiga hodi. Alikwisha kumhukumu dadake. Amemkosesha binti, na sasa anauza msikiti. Akausukuma mlango wa chumba cha juu.

Mtu wa mkoba alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameushika mguu wa Duha, anaukunja na kuukunjua. Mkoba ulikuwa wazi sakafuni. Ndani yake mlikuwa na chupa za mafuta, bendeji na kipimo cha presha. Duha alikuwa amelazwa juu ya mito, mwembamba kuliko Shamsudin alivyoweza kufikiria, nusu ya uso imelegea. Ubavuni pa mto, limeviringishwa kwa leso lisikwaruze ukuta, lilikuwa sanduku jeusi la spika.

Duha alijivutia mtandio kwa mkono wake mzima. “Shamsu,” alisema. Maneno yalimtoka taratibu, moja moja. “Umekuja kwa ajili yangu, au kwa ajili ya spika?”

Shamsudin alikuwa amefunga, na uongo haukumjia. “Kwa ajili ya spika,” alisema.

“Haya. Angalau umekuja. Huyu ni Kaingu, dresa. Ananinyoosha miguu.”

Kaingu alisalimu, akakusanya vitu vyake, akasema atarudi kesho. Walipobaki wawili, Shamsudin hakujua pa kukaa. Kiti kilikuwa kimoja, na juu yake kulikuwa na bakuli la uji alilolitambua. Lilikuwa la nyumbani kwake.

“Nimesomesha wasichana Qurani miaka thelathini,” alisema Duha. “Sasa siwezi kushuka ngazi. Darsa nilikuwa nikiisikia dirishani, kisha mkaifungia ndani. Nikamwambia Yazid aniunganishie. Akasema atakuomba ruhusa. Nikamwapisha asikutajie.”

“Kwa nini?”

“Ungeukata.”

Alitaka kupinga. Angeukata.

“Yazid yuko wapi?” aliuliza Duha. “Spika imenyamaza siku zote hizi, naye haji. Mkeo nikimuuliza, anainama.”

Shamsudin alimweleza. Alianza kwa mashine, akaeleza ampea na wati, akazunguka zunguka, mwisho akafika kwenye gunia na baraza na lile neno. Duha alifumba macho. Chozi lilitoka jicho moja tu, lile la upande ulio hai.

“Wangemuua mtoto wa watu,” alisema, “naye angekufa na kiapo changu mdomoni.”

“Dada…”

“Usiniite. Nenda.”

Siku hiyo hiyo, watu walipotoka alasiri, Shamsudin alisimama mahali pale pale barazani. Hakupamba maneno. Alisema spika iko kwa dadake mgonjwa, Yazid aliiunga kwa kuombwa, na yeye Shamsudin alimzushia mtu ukachero bila kuuliza wala kuchunguza. Aliwaomba msamaha, na akawaomba wamsaidie kumrudisha. Wengine walisema astaghfirullahi. Wengine waliangalia ndara zao. Kisha mzee mmoja, muuza ubani, akamvuta mkono kando.

“Shamsu, nimekuelewa,” alinong’ona. “Lakini una hakika ni hiyo moja tu? Kijana aliyejua kuunga moja, hawezi kuunga nyingine?”

Shamsudin alimtazama. Kila neno lilikuwa la kwake. Angeweza kulisema yeye juzi tu. “Dzoro amepima,” alisema. “Baada ya kuutoa waya ule, zimebaki ampea mbili kamili.”

“Naye Dzoro ni nani?” aliuliza mzee, akajikung’uta kanzu, akaenda zake.

Shamsudin alikwenda kwa kina Yazid na chupa ya mafuta ya taa na vitambaa. Mamake Yazid alimfungulia, akamwona ni nani, akaingia ndani bila kusema. Shamsudin alipiga magoti akaanza kuisugua lami. Ilikuwa imeingia kwenye nakshi za mlango, haitoki ila kwa ukucha. Baadaye Yazid alitoka, akasimama juu yake.

“Bi Duha amekuambia?”

“Nimefika mwenyewe. Kwa hesabu za Dzoro.” Aliinua uso. “Kwa nini hukusema, mwanangu? Ulipoona mambo yamekuwa makubwa, kwa nini hukusema?”

“Niliapa. Nami nilidhani wanijua,” alisema Yazid. “Tangu nina miaka sita naswali safu ya nyuma yako, ami.”

“Nisamehe.”

“Nimekusamehe. Ni Ramadhani.” Aliitwaa ile chupa ya mafuta, akaiweka kando. “Acha, utaharibu rangi. Nitamalizia mimi.”

Dzoro aliirudisha mashine katika hali yake. Kwenye waya wa Duha alitia rezista ya ohm thelathini, iliyo pana kama kidole, akamweleza Shamsudin kwamba sasa njia ile itavuta kiasi cha theluthi moja ya ampea, wati nne tu, na mgonjwa aliyelala karibu na spika hahitaji zaidi. Shamsudin aliupigilia waya mwenyewe, nje ya ukuta, mahali pa kila mtu kuuona. Kila baada ya tarawehe alipanda zile ngazi za mbao. Siku za kwanza Duha alimwacha akae bila kumwambia kitu. Siku ya Idi alimwambia asogeze kiti.

Yazid alirudi kuadhini, kwa kuwa Duha alimwomba. Sauti ilikuwa ile ile. Lakini mamake alihamishia mahamri yake upande wa Ganjoni, ambako hawakumjua, na barazani, Yazid alipotokea, mazungumzo yalipungua kidogo kabla ya kuendelea. Shamsudin aliusikia upungufu huo kila mara. Alijaribu kuuziba kwa kupaza sauti, kwa kuuliza habari za mamake, kwa kusogea ili ampe nafasi.

“Karibu hapa, Yazid.”

“Ahsante, ami. Assalamu alaikum.”

“Wa alaikumu salaam.”

Naye Yazid akapita.